Njia ya Kivuli na Njia ya Lami

Jina la Musembi nililisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo, nikiwa nimeinama hapa Kanyangi nachambua mbaazi. Mtangazaji alisoma majina ya ndugu, wakwe na wajukuu mbio mbio kama wafanyavyo, kisha akasema mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwa marehemu, nyuma ya milima ya Kilungu. Mume wangu akauliza, "Huyo unamjua?" Nikamjibu, "Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja." Akarudi kwa chai yake. Hakuona kwamba mikono yangu imesimama. Miaka zaidi ya ishirini nimelala naye kitanda kimoja, na jambo hili nimelilalia peke yangu. Habari za baba na mama na jinsi nilivyolelewa nitaziacha, hazina kazi hapa. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na nitausema ulivyokuwa, hata pale unaponitia aibu. Na unanitia aibu sana, msije mkafikiri naanza hadithi ya ujana mtamu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya miezi mitatu ya kuchanja watoto, nikaletwa kwenye zahanati ndogo ya misheni juu kidogo ya Salama. Salama ya wakati huo ilikuwa safu mbili za maduka zinatazamana, na barabara ya Mombasa imepita katikati na malori yake. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo. Upande mmoja kilikaa kitanda changu cha kamba, upande wa pili friji la mafuta ya taa, na katikati baiskeli mbili nyeusi za kiume zimeegemeana. Friji ndilo lilikuwa bwana wa nyumba. Moto wake mdogo wa buluu ukianza kupepesuka, mimi nilikuwa nimeshashuka kitandani kabla sijajua nimeamka, maana humo ndimo zilimokaa dawa za surua. Na dawa ya surua ya siku zile ilikuwa nyepesi ya moyo. Joto kidogo tu, inakufa. Na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Unamdunga mtoto maji matupu, unamwandikia kadi, unaenda zako, na hakuna atakayejua mpaka ugonjwa wenyewe uje kukuambia. Upande wa pili wa ukuta wa mbao ilikuwa ofisi ya mkubwa wetu, Bwana Nzioka. Nilimsikia hata akipuliza chai. Nguo zangu zilinuka mafuta ya taa mpaka kanisani.

Musembi alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mkavu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Mimi nilikuwa na cheti cha kuchanja, yeye alikuwa na miguu. Kazi yake ilikuwa kubeba boksi la barafu nyuma ya baiskeli na kunionyesha njia. Lakini baiskeli sikuijua, na ndiyo maana wiki mbili za kwanza tulizimaliza kwenye uwanja wa kanisa, yeye ameshika kiti kwa nyuma, mimi nikianguka na kuamka na kumtukana. Mwanamke juu ya baiskeli ya kiume wakati huo, wee! Akina mama wa kanisa waliniita nyuma ya jikoni. Mmoja akaniuliza kama nimekosa mchumba ndiyo maana napanda chuma. Nilimjibu kwamba nikimkosa nitampitia mwanawe nyumbani, kwa baiskeli. Sikuwa na adabu. Nilivaa suruali chini ya sketi, nikaendelea. Musembi alinisikia, akacheka kwa mara ya kwanza. "Sista," akaniambia, maana aliniita Sista kwa mzaha kwa sababu ya lile gauni langu jeupe, "kupanda mlima si kitu, ni kuchoka tu. Kushuka ndiyo kazi. Kushuka kunataka mtu mpole." Nikamwambia mimi si mpole. Akasema, "Nimeona."

Hata hivyo, alichonifundisha hasa ni kutafuta kivuli. Musembi hakuwahi kupita barabara ya lami akiwa na dawa, hata mara moja. Alisema lami inachoma mara mbili, juu na chini, na malori yanakutikisa mpaka barafu inakuwa uji. Yeye alikuwa na njia zake milimani, tulivu, ambazo siku nzima ungeweza kukutana na mbuzi na mtu mmoja. Njia ya Kanisa ilifuata ubavu wa magharibi wa mlima. Asubuhi jua likitokea upande wa Kitui, ubavu ule hubaki baridi mpaka karibu saa nne, na mtu akitoka saa kumi na mbili anaweza kupeleka barafu nzima hadi bonde la pili. Njia ya Mikaratusi ilikuwa ya kurudi, kwa sababu miti ile ilipandwa upande unaofaa alasiri. Alijua ni kona gani ina upepo na ni mwamba gani unatoa maji ya kulowesha gunia tulilofunikia boksi. Alijua hata mwezi gani kivuli cha mlima fulani kinafika wapi. Tulipanda kimya, unasikia mnyororo tu na pumzi yako, na chini kabisa matuta ya mashamba na watu wakichimba kwa nyimbo. Wakituona waliinua majembe. Nilikuwa na furaha kule juu, nasema ukweli. Nilijiona ninaijua nchi yangu kwa mara ya kwanza, pumzi moja baada ya nyingine, na hata sasa nikifumba macho naweza kuzitaja kona zile kwa mpangilio wake.

Kazi yenyewe ilikuwa na ugumu ambao wakubwa wa mjini wasingeuelewa. Kadi na daftari vilitaka idadi ya watoto wa kila boma, lakini kwetu mama haulizwi ana watoto wangapi. Kuwahesabu ni kuwaonyesha kwa kifo. Mimi ni Mkamba, nililelewa hivyo, ningefungua wapi mdomo? Basi nilibuni njia yangu. Nikifika kwenye boma nilikaribishwa, nikakaa, nikapewa kitu cha kula, na wakati ninakula nilihesabu vikombe na bakuli zilizoanikwa juani. Kila mtoto ana chake. Nikitoa cha baba na cha mama, nilikuwa na jibu bila kumuumiza mtu. Niliona nimekuwa mjanja sana. Bwana Nzioka alinisifu kwamba daftari langu ni safi. Musembi alinitazama nikihesabu vikombe, akasema tu, "Na kama kuna mmoja asiye na kikombe?" Nikamwuliza mtoto gani huyo asiye na kikombe, anakunywa kwa kiatu?

Mwezi wa tano tulifika Kyambai, boma la mwisho kwenye Njia ya Kanisa, kwa mwanamke aliyeitwa Mama Wayua. Nakumbuka jikoni kwake kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu. Kulikuwa na giza zuri la baridi, sakafu imefagiliwa mpaka inang'aa, na alitupa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa na kunde na mafuta ya ng'ombe. Nje vikombe vilikuwa saba. Watano walipanga mstari wakalia mmoja mmoja. Wa sita, mvulana wa mwaka mmoja na nusu hivi, alikaa mapajani mwa mama yake, anakula kwenye bakuli la mama, kwa kijiko cha mama. Nilipomtazama, Mama Wayua akasema upesi, "Huyo si mtoto. Huyo ni mbiti tu." Ni fisi tu. Nikaelewa pale pale. Kwetu mama akizika watoto watatu mfululizo, yule wa nne anaitwa Mbiti, na hapewi kikombe, wala hasifiwi, wala hahesabiwi, ili kifo kikija kione mnyama, kipite. Nilinyamaza kwa heshima. Ndiyo, kwa heshima! Niliandika watano, nikafunga daftari, nikamshukuru kwa chakula. Tulipokuwa tunashuka Musembi alisema, "Kuna mmoja hana kikombe." Nikamwambia aangalie mbele.

Kiangazi kilikuja kibaya mwaka huo. Mwezi wa tisa alikuja msimamizi kutoka mjini, wakakaa na Bwana Nzioka upande wa pili wa ukuta, nami nimelala na homa. Wote wawili walidhani nimetoka. "Huyu Musembi," nilimsikia Bwana Nzioka akisema, "anazunguka milima kama mbuzi aliyepotea. Kazi ya saa mbili anamaliza saa nne. Ati baiskeli inatafuta kivuli!" Msimamizi akacheka, akauliza, "Na msichana?" Bwana Nzioka akapuliza chai. "Msichana ni wa majaribio. Dawa ikipotea mara nyingine, au idadi isipotimia, tutamrudisha kwao. Wapo wanaume wengi wanaotaka hiyo kazi." Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeacha moto wa friji ukazimika, tukamwaga chupa nne. Nililala pale nikitazama mabati. Kurudi kwetu! Nirudi nikachekwe na wale wote walioniambia mwanamke wa baiskeli atarudi kwa miguu? Tangu siku hiyo kila saa niliiona inanikimbia, na njia za Musembi zikaanza kuniudhi.

Wiki tatu baadaye, saa tatu asubuhi, mwalimu mmoja alipita na habari kwamba surua imeingia Kyambai. Mtoto wa jirani yake Mama Wayua alikuwa amejaa vipele tangu jana, na watoto wote walikuwa wamecheza pamoja. Nilisimama pale mlangoni na kichwa changu kikaenda moja kwa moja kwa yule aliyekuwa mapajani. Mafunzoni tulikuwa tumeambiwa kwamba mtoto aliyekaa na mgonjwa bado anaweza kuokolewa akichanjwa ndani ya siku tatu. Nikahesabu. Leo ni ya pili. Nilimkuta Musembi anapaka mnyororo mafuta, nikamwambia tunakwenda sasa hivi. Akatazama mlima. "Kivuli kimebaki cha saa moja. Tutoke kesho saa kumi na mbili, kwa Njia ya Kanisa. Saa nne tumefika, na bado ni siku ya tatu." Alisema kweli. Nilijua anasema kweli. Lakini kesho ilikuwa siku ya kliniki, Bwana Nzioka angeniuliza ninakwenda wapi, na ningelazimika kusema kwamba boma lile niliandika watano kumbe ni sita. "Tutapita lami," nikasema. "Saa mbili tu. Mchana huu tumerudi, hakuna atakayejua." Akasema, "Mwikali, hapana." Hakuwa ameniita jina langu kabla ya hapo. Nikachukua boksi nikalifunga kwenye baiskeli yangu mwenyewe. "Wewe kaa na kivuli chako," nikamwambia. Alinifuata. Hakutaka, lakini alinifuata.

Lami ya saa nne na nusu mwezi wa tisa, jamani. Joto lilipanda kutoka chini likaingia ndani ya sketi, na jasho likaingia machoni. Kila lori likija nyuma yetu nililisikia kwanza kwenye usukani, chuma kikitetemeka mikononi, halafu honi, halafu upepo wake unakusukuma pembeni na mwingine unakuvuta ndani. Musembi alipaza sauti nyuma yangu, "Toka barabarani! Acha lipite!" Mimi sikutaka kutoka, maana pembeni ni kokoto na kokoto ni kupoteza muda. Karibu na mteremko wa mwisho yalikuja mawili, moja linapita jingine, na kulikuwa hakuna barabara tena iliyobaki kwa ajili yangu. Nilishika breki zote mbili. Niliiona anga, nikaona majani, nikasikia boksi likigonga jiwe. Nilipoamka goti langu limechunika na kifuniko cha boksi kiko upande wake peke yake. Barafu ilikuwa imemwagika kwenye kokoto, vipande vyeupe vidogo, na nilivitazama vikigeuka unyevu mbele ya macho yangu. Nikaviokota kwa viganja na mchanga wake, ili nivirudishe. Nilipofika kwa boksi mikono yangu ilikuwa na maji tu.

Kichupa hakikuwa kimevunjika. Nilikiinua juu nikamwonyesha Musembi, kama mtoto anayeonyesha yai. Akakishika, akakiweka kwenye shavu lake, akanirudishia. "Dawa imekufa," akasema. "Haijafa! Haina hata ufa." "Ni ya moto, Mwikali. Turudi. Kesho tuje na nyingine." Nilimwambia yeye si wa kuchanja, cheti ni changu. Nikakivingirisha kichupa kwenye gunia lililobaki na unyevu kidogo, nikapanda. Kutoka pale kwenda Kyambai ni mlima mtupu, jua la utosi, hakuna mti hata wa kumkinga kuku. Tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Goti langu lilitoa damu mpaka ndani ya soksi na nilifurahi kwamba linauma, kwa sababu lilinipa kitu kingine cha kufikiria.

Mama Wayua alikuwa amemfungia mtoto ndani. Alitupokea, akatupa maji, lakini nilipomtaja mtoto uso wake ukafunga. "Hapa hakuna mtoto aliyebaki. Wangu uliwadunga." Nikamwita mama kwa Kikamba, nikamwambia, "Mwaitu, nimekuja kwa ajili ya Mbiti." Akasema fisi hadungwi. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamweleza surua inavyomla mtoto macho na koo. Akaanza kulegea. Kisha nikatoa kadi. Hapo akarudi nyuma. "Mdunge bila karatasi." Na ningeweza! Wallahi ningeweza kumdunga bila karatasi, nani angejua? Lakini daftari langu, idadi yangu, ule usafi wangu. Nikamwambia dawa haitoki bila kadi, ndiyo sheria. Alikaa chini, akamshika mtoto kifuani, akaanza kulia bila sauti. "Nimezika watatu," akasema. "Huyu sijawahi hata kumwita mzuri." Nikapiga magoti mbele yake na lile goti langu la damu. "Mwaitu, niamini mimi. Dawa hii ni nzuri." Musembi alikuwa mlangoni. Nilihisi macho yake mgongoni kwangu na sikugeuka. Mama Wayua akafuta uso, akasema, "Wewe ni mtu wa hospitali. Andika." Akataja jina, akataja la baba, kisha, kwa sauti ndogo, akasema lile ambalo hakuwahi kulisema. "Ni wa sita." Nikaandika sita. Nikamdunga.

Tulirudi kwa Njia ya Mikaratusi, kwa miguu, tukisukuma. Kwenye mwamba wa maji Musembi alisimama. "Nipe kichupa kingine kesho. Nitakwenda peke yangu kabla hujaamka. Nitamwambia mama yake umesahau kitu, nitampeleka mtoto kwa kanisa la Nunguni, yule nesi wa pale atamdunga." Nikamwambia vichupa vimeandikwa kwenye daftari, kikikosekana kimoja Bwana Nzioka ataona, na mtoto hawezi kuandikwa mara mbili. Akasema, "Sista, ni siku ya tatu kesho. Kesho tu." Nikasema labda haijafa. Akasema, "Umeigusa." Nikasema labda haijafa, Musembi, labda haijafa, na nikaanza kupiga kelele, na yeye akaacha. Ufunguo wa friji ulikuwa shingoni mwangu. Usiku ule niliulalia, na asubuhi sikumpa. Mtu akiniuliza leo nilifanya nini maishani mwangu, naweza kutaja mengi mazuri, lakini hilo ndilo linalokuja kwanza.

Mbiti alitoka vipele siku ya kumi na moja tangu nimdunge. Siku ya kumi na sita tulikwenda matangani, mimi na Musembi, na hakuna aliyetulaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma ya jikoni wakimenya, na mimi ndani nikawasikia. "Aliandikwa," mmoja akasema. "Alimtaja kwa idadi, kwa mdomo wake mwenyewe." Mwingine akajibu, "Siku hizi kifo kinajua kusoma." Mama Wayua alikaa kwenye ngozi, hajala siku tatu, na kila aliyeingia alimwambia jambo lile lile: "Nilimhesabu. Nilimuua mimi, nilimhesabu." Nilikuwa na jibu lake mdomoni. Maneno manne tu yangemtosha: dawa ilikuwa imekufa njiani. Badala yake nilimshika mkono. Alinibembeleza yeye! "Usilie, mwanangu. Wewe ulituletea dawa. Mimi ndiye niliyefungua mdomo." Wakaniletea bakuli la isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nikala. Mwezi wa kumi na mbili niliandika barua ya kuacha kazi, nikaenda Kitui kwa shangazi, na Musembi sikumuaga.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya mazishi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, nimejifunika leso, nikiogopa tu kuulizwa niseme neno. Mchungaji alikuwa amemaliza sala na wanaume wameshika kamba za kushushia jeneza, ndipo mwanamke mzee akapasua watu akiwa na kikombe cha bati. Nilimjua kwa mwendo. "Ngojeni," Mama Wayua akasema. "Kuna kitu changu juu ya huyu mtu." Kwetu aliyelaani ndiye anayefungua, kwa kinywa kile kile na maji. Mtu akizikwa na laana, watoto wake wanairithi. Mchungaji alianza kutafuta ukurasa kwenye Biblia kwa bidii sana, kama hakusikia. Mama Wayua hakumtazama. Alisimulia wazi, mbele ya wote. "Huyu alikuja kwangu mwezi mmoja baada ya kumzika mwanangu. Alikuja kwa baiskeli, akakataa kukaa. Akaniambia, Mwaitu, acha kujipiga. Mtoto hakuuawa na hesabu, aliuawa na dawa iliyokufa. Mimi ndiye nilibeba boksi, mimi ndiye nilitaka njia ya lami. Nikamuuliza, na yule msichana alijua? Akasema hakujua kitu." Akaligeukia jeneza. "Usiku huo nililala, wa kwanza tangu mtoto aende. Lakini kabla ya kulala nilimlaani. Na kila mwaka alikuja kunichimbia matuta, na kila mwaka nilimlaani akichimba, naye anasikia. Leo amekufa. Nimechoka. Namfungua."

Akapiga funda la maji, akalishika mdomoni, akainama juu ya jeneza.

"Mama Wayua, ngoja." Sikujua ni mimi hadi watu walipogeuka. Nilivua leso kichwani ili anione. "Si yeye. Boksi nilibeba mimi. Yeye alinikataza njia ile. Alinikataza mara tatu, na siku ya pili alitaka kukuletea nyingine, nikamnyima. Nilijua. Nilipokuambia ni nzuri, nilijua."

Hakuweza kusema, maji yalikuwa mdomoni. Alinitazama tu, mashavu yamejaa, macho yake yakitembea usoni mwangu mpaka yakamkuta yule msichana. Mjane wa Musembi alikaa chini kwenye udongo. Kisha Mama Wayua akageuka, akayapuliza maji yote juu ya jeneza. Akachukua mengine, akapuliza. Akachukua tena na tena mpaka kikombe kikaisha, na kila mara alikuwa akisema kitu kwa Musembi, chini chini, ambacho hakikuwa changu kusikia. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa kiganja, akanijia. Watu wakampisha.

"Miaka yote hii nimemlaani mtu asiye na kosa," akasema. "Akichimba shamba langu."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Maji ya leo yalikuwa yake. Yako sijui kama yapo." Alikiweka kikombe kile kitupu mkononi mwangu. "Njoo nyumbani. Peke yako, bila mchungaji. Ukae jikoni kwangu, unieleze toka asubuhi hiyo mpaka jioni, usiache kitu. Nikishasikia yote, ndipo nitajua nitakufanya nini."

Sikurudi Kanyangi siku hiyo. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niliazima baiskeli ya mwalimu mmoja pale Salama, nikafunga kikombe nyuma, nikashika Njia ya Kanisa. Pale juu, kwenye kona ya kwanza ya mlima, nilishuka nikaanza kusukuma, nikiyapanga maneno.